Nilivyopiga Mnada Sampuli ya Daktari

Daktari niliyemfanyia kazi alianza na ukimwi, akaendelea na kifua kikuu, akaenda mikoa mingine kufukuzana na viroboto wa tauni, kisha akarudi tena kwenye ukimwi mpaka alipostaafu. Watu wakimsifu husema ana subira. Hawajui subira ile aliipatia wapi. Aliipatia kwangu, katika utafiti wake wa kwanza, kwenye kijiji chetu kilichoko kati ya Njombe na Makambako, na nusura utafiti ule uwe wa mwisho pia.

Wakati huo nilikuwa nimetoka kuachishwa kazi. Nilikuwa karani wa kununua pareto kwenye chama cha ushirika. Serikali ilipofungua biashara, wanunuzi binafsi wakaja na magari yao na mizani yao, chama kikabaki hakina cha kununua wala cha kununulia. Nikarudi nyumbani na cheti changu cha kidato cha nne, nikalima viazi kama kila mtu. Lakini Jumapili nilikuwa mtu mwingine, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa mpiga mnada wa usharika.

Kwetu sisi Walutheri, asiye na fedha huleta madhabahuni alichonacho: kuku, mayai, boga, debe la mahindi. Ibada ikiisha watu hukusanyika nje, vitu vile vikanadiwa, na fedha ikaingia kanisani. Mnada unataka mdomo, na mdomo nilikuwa nao. Niliwahi kuuza boga lililoanza kuoza upande mmoja kwa kulisifia kwamba limeshaanza kujipika, mnunuzi ataokoa kuni. Aliyelinunua alikuwa mwalimu.

Kwa hiyo daktari alipofika kutafuta msaidizi mwenye elimu ya sekondari, anayejua Kibena na kusikilizwa na watu, mchungaji alimwambia, "Wa kusikilizwa ninaye. Kazi ni kumnyamazisha." Daktari akadhani ni utani.

Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, ametokea Dar es Salaam, na baridi yetu ilimfanya avae makoti mawili ya mitumba, moja juu ya jingine, hata mchana. Alitaka kujua ni watu wangapi wana virusi vya ukimwi, na wangapi wana kaswende, katika vijiji vilivyo karibu na barabara kuu. Miaka ile malori ya Zambia yalilala Makambako. Wasichana wetu walikwenda huko kupika na kutandika vitanda kwenye nyumba za wageni, na baadhi yao walirudi wamekonda. Kila mtu aliona, hakuna aliyesema. Dawa ya ukimwi haikuwepo. Ya kaswende ilikuwepo, naye aliileta.

Hakuweza kupima kijiji kizima. Kila nyumba ikaandikwa namba mlangoni kwa rangi nyekundu, kisha namba zote zikaandikwa kwenye vikaratasi, zikatiwa kwenye debe, zikachanganywa na kuchotwa mbele ya watu. Nyumba iliyotoka ilipewa kadi ya njano yenye namba yake. Siku ya kupimwa ikifika, watu wazima wa nyumba ile waje zahanati na kadi yao. Hao ndio walioitwa sampuli.

Balozi wetu wa nyumba kumi hakulipenda lile debe.

"Daktari, kwa nini ujisumbue? Ungeniuliza mimi, ningekupa watu safi."

"Sitaki watu safi, mzee."

"Basi unataka wachafu?"

"Namtaka yeyote."

"Yeyote hayupo kijiji hiki," alisema balozi. "Kila mtu ana jina lake."

Na kweli watu walizipokea kadi kama hati ya kuitwa mahakamani. Mmoja alinivuta pembeni akaniuliza kwa sauti ya chini, "Hilo debe habari zangu limeambiwa na nani?"

Daktari alipoona wanasita, akaniomba nitangaze kanisani. Alinieleza vizuri kabisa. "Kaka, sema ni kazi ya kawaida, namba imetoka tu. Usiwatishe, na usisifie."

Nilimwitikia. Yeye siku ile akaenda Njombe mjini kutafuta barafu ya kuwekea damu, nami nikasimama mbele ya watu. Nilipoona macho yote yananitazama, mdomo ukashika usukani. Nikasema kadi ya njano ni bahati. Nikasema Dar es Salaam watu wanapanga foleni tangu alfajiri kumwona daktari wa namna hii, sisi tumeletewa mlangoni, vipimo bure, dawa bure. Nikasema mwenye kadi ile ni sawa na mwenye tiketi ya ndege. Ndege yenyewe sijawahi kuipanda mpaka leo.

Jumapili iliyofuata, daktari akiwa amerudi Njombe kuichukua hiyo barafu, wazee wa kanisa walitoa sadaka nje ili ninadi. Kulikuwa na kuku wamefungwa miguu, viazi, mayai kwenye pumba, na juu ya mayai kadi ya njano.

Mwenyewe alikuwa mama mmoja mjane wa kwaya, ambaye hakuna Jumapili aliyokuja mikono mitupu. Akanisogelea.

"Mwanangu, kideri kimemaliza kuku wangu wote. Nilichobaki nacho kizuri ni hicho. Si wewe mwenyewe ulisema ni bahati?"

Mtu mwenye akili angeirudisha kadi kimya kimya mfukoni mwa mama yule. Mimi niliiinua juu.

"Kadi hii hapa! Haiugui kideri, hailiwi na kicheche, haiozi! Nani anaanza?"

"Nyama yake iko wapi?" mtu akapiga kelele.

"Nyama yake ni afya yako, bwana! Hii ukila leo, kesho bado ipo!"

Mmoja akataja bei, mwingine akapanda. Kisha mkono ukanyooka nyuma kabisa. Ulikuwa wa mfanyabiashara wa Makambako, Mwislamu, mtu wa kuja kutoka mkoa mwingine, mwenye malori na ghala la mahindi. Kila Jumapili aliegesha gari lake nje ya kanisa kusubiri mnada, maana kuku wetu walikuwa rahisi kuliko wa sokoni. Akiwahi kufika, alikaa garini akisikiliza kwaya na kutazama saa. Bei aliyoitaja ilinyamazisha wengine wote.

"Tajiri!" nikasema. "Magari unayo, ghala unalo. Sasa una ugonjwa gani wa siri mpaka unawapandia Walutheri dau?"

Watu walicheka mpaka kuku wakashtuka. Yeye naye akacheka.

"Naumwa kupenda kuku wenu," akajibu, nao wakacheka upya.

Akalipa, akaitia kadi mfuko wa ndani wa koti, akaondoka bila kununua kuku hata mmoja. Kama ningekuwa mtu wa kutazama badala ya kusema, hilo la kuku ningelitilia maanani.

Lakini sikuwa na nafasi, kwa sababu kadi zilianza kuja. Wale waliokuwa wamezikalia kwa hofu waliona mlango umefunguka. Aliyetoa sadaka haulizwi kwa nini ametoa. Watu walikimbia nyumbani na kurudi wamezishika juu, nami nikawasifu mmoja mmoja kwa ukarimu wao. Mgema wa ulanzi, ile pombe ya mianzi, ambaye kanisani tulimwona kwa nadra, alileta yake akainamisha kichwa. Nikamwita tajiri wa kutoa. Tuliuza kadi zote kwa wale waliotaka vipimo vya bure. Mzee mmoja wa kanisa aliniuliza kama daktari anaweza kuleta nyingine, ili tumalizie paa la nyumba ya mwinjilisti.

Siku ya kupimwa ilifika. Zahanati ilijaa. Daktari alifurahi kuona foleni ndefu namna ile, akaniambia tangazo langu limefanya kazi. Wa kwanza alikuwa mfanyabiashara. Daktari akasoma namba ya kadi, akamtazama, akaisoma tena.

"Hii ni nyumba ya mama mjane anayeishi na wajukuu."

"Ndiye mimi," akasema yule bwana, na ndevu zake.

"Wewe ndiye mama mjane?"

"Kwa kadi hii, ndiyo. Nimeinunua hadharani. Muulize msaidizi wako, ana sauti nzuri."

Daktari akanigeukia. "Kaka, anasema nini huyu?"

"Tulifanya mnada kidogo."

"Mnada wa nini?"

"Wa kadi."

"Kadi zipi?"

Nikaitazama foleni yote mpaka mwisho wake, kule kwenye mti wa mwati. "Hizi," nikasema.

Alikaa juu ya kasha la barafu. Ningependa angefoka, maana kufokewa nilikuwa nimezoea. Akawaambia watu kwa upole kwamba leo hachukui damu, warudi nyumbani. Walilalamika sana, wengine wakidai kadi zao ni halali. Mfanyabiashara hakulalamika. Alisimama kidogo, akairudisha kadi mfukoni, akaenda zake bila kuaga.

Ndipo daktari akanieleza jambo ambalo hakuwa amenieleza. Profesa wake, msimamizi kutoka chuo kikuu, angefika Jumamosi ile kukagua. Profesa hakuamini tangu mwanzo kwamba utafiti wa nyumba kwa nyumba utawezekana vijijini. Alikuwa amesema wazi: kama majibu hayatatoka kwenye nyumba zilezile zilizochotwa, ataufunga, na daktari atarudi maabara kupima sampuli za watafiti wengine.

"Lakini damu ni damu," nikasema. "Profesa atajuaje? Tuwapime hawa hawa, tuandike namba za nyumba."

Ushauri huo niliutoa kwa moyo mweupe kabisa, na nikiukumbuka sasa masikio yangu hupata moto.

"Kaka, nyumbani mnapika maharage?"

"Tunapika."

"Ukitaka kujua kama yameiva unafanyaje?"

"Nachota kidogo, naonja."

"Sasa wewe umeyaambia yaliyoiva yapande juu na mabichi yashuke chini. Nikichota juu nitasema chungu kimeiva. Walioikimbia kadi ndio hao hao ninaowatafuta." Akanyanyuka, akafunga vifungo vya koti la juu. "Tunaanza na huyo mama mjane mwenye ndevu."

Makambako tulimkuta ghalani, makuli wake wakipakia mahindi kwenye lori. Akatukaribisha tukae juu ya magunia.

"Tumekuja kuiomba ile kadi, tajiri," nikasema. "Fedha yako tutaomba irudishwe."

"Kwani ilikwenda kwako? Ilikwenda kwa Mungu. Mtamdai?"

Daktari akauliza, "Kwa nini unaitaka sana?"

Yule bwana aliwaambia makuli waende wakanywe chai. Akasukuma mlango wa ghala mpaka ukafunga.

"Daktari, hapa Makambako nikiingia hospitali asubuhi, ikifika saa nne watu wameshagawana malori yangu. Dereva wangu nimemzika. Utingo wake nimemzika. Haya magari nimeyaendesha mwenyewe miaka mingi kabla sijayamiliki. Kila nyumba ya wageni waliyolala wale, mimi nililala kwanza. Nikasema nikapime kijijini, kwa namba ya mtu mwingine." Akanitazama. "Ulipouliza naumwa ugonjwa gani, nilidhani umeniona."

Mimi niliyeuza boga bovu kwa mwalimu nikainuka kwenye gunia. "Nisamehe, bwana mkubwa."

"Ah, ulichekesha," akasema, na ingekuwa heri kama angenitukana.

Daktari alimwambia hawezi kumhesabu, maana hawezi kuwa mama mjane hata akinyoa. Lakini damu yake ataipima pembeni, bila jina wala namba, mahali atakapochagua mwenyewe. Alichagua ndani ya lori lake, njiani tukirudi. Mimi niliambiwa nishuke, nisimame mbali, nitazame misonobari. Niliitazama mpaka waliponiita, kadi ya njano ikiwa tayari mkononi mwa daktari. Majibu alipewa yeye mwenyewe baadaye, mimi sikuyajua na sijui hata leo. Kwenye mnada aliendelea kuja, nami niliendelea kumuuzia kuku, ila bila maelezo.

Mama mjane mwenyewe alikuwa akichambua mboga barazani.

"Kamwene, mama," nikamsalimia kwa Kibena.

"Kamwene. Hiyo kadi siichukui."

"Lakini, mama..."

"Nitamwambia Mungu nini? Nimebadili mawazo?"

Nikafungua mdomo nimweleze, daktari akanigusa kiwiko. "Mama, kadi ibaki huko huko ilikokwenda. Mimi ninachoomba ni damu ya watu wa nyumba hii."

Mama akaacha kuchambua. "Damu sikuitoa sadaka."

"Hukuitoa."

"Basi damu ni yangu?"

"Ni yako mwenyewe. Ukitaka unanipa, usipotaka hunipi."

"Si mngesema hivyo tangu mwanzo? Huyu kijana alituletea habari za ndege." Akakunja mkono wa sweta.

Tukaenda hivyo mlango kwa mlango, wiki nzima, kwenye matope na mvua. Mimi kazi yangu ilikuwa kutafsiri Kibena na kufunga mdomo, na la pili lilinichosha zaidi. Wengine walikubali. Wengine walisema hapana, naye akaandika hapana, akawashukuru. Hilo la kushukuru lilinishangaza. Mimi aliyekataa nilikuwa nampandishia bei mpaka akubali. Kumbe hapana pia ni jibu. Kinachoharibu ni nyumba isiyosema kitu.

Jumamosi asubuhi ilibaki nyumba moja isiyosema kitu, ya mgema wa ulanzi. Tukienda alfajiri, ameshaingia kwenye mianzi yake. Tukienda jioni, mlango umefungwa na moshi unatoka.

Profesa akafika, mtu mfupi mwenye mkoba mzito. Nilidhani daktari ataanzia kwenye mafanikio. Alianzia kwenye mnada. Alimweleza yote, mpaka habari ya paa la mwinjilisti. Profesa hakucheka.

"Na mpiga mnada yuko wapi?"

Nikanyoosha mkono kama mwanafunzi.

Akamgeukia daktari. "Umeziba vizuri kuliko nilivyotegemea. Lakini nyumba moja haina jibu. Nami naondoka leo. Nikiondoka na tundu hilo, naufunga."

Daktari akanivuta nje. "Nenda wewe. Anakufahamu. Lakini kaka yangu, nakuomba, usiuze kitu."

Nilimkuta kwenye mianzi, kisu mkononi, akikata ncha za vichipukizi ili ulanzi utiririke vizuri kwenye makopo.

"Kamwene."

"Kamwene."

Nikakaa kwenye gogo. Sentensi nzuri zilinijia nyingi, kila moja ikisukumana na mwenzake, nikazimeza zote. Akakata mwanzi mmoja, akaenda wa pili, akaenda wa tatu. Akanitazama.

"Leo huuzi?"

"Siuzi."

Akakata mwingine. "Mkipima mkakuta, dawa ipo?"

"Ya kaswende ipo. Ya ukimwi haipo."

"Haipo kabisa?"

"Haipo."

"Sasa mimi nipime ili iweje?"

"Sijui kama wewe utapata faida. Daktari anataka kujua tuko wangapi."

"Akishajua?"

"Atawaambia wakubwa."

"Na wakubwa?"

"Hao sijui watafanya nini."

Akacheka, cheko fupi la puani. "Kweli leo huuzi." Akafuta kisu kwenye suruali. "Mke wangu anakohoa. Tangu arudi kutoka Makambako."

"Najua."

"Ulijua, na ukainadi kadi yetu."

"Niliinadi."

"Na ukaniita tajiri wa kutoa."

"Nilikuita hivyo."

Nilingoja anifukuze. Nilistahili. Siku ile ya mnada nilimwona ameinamisha kichwa, na badala ya kumuuliza habari za nyumbani, nilimfanyia kichekesho. Ningeweza kuuliza kwa maneno matatu tu. Lakini maneno matatu hayachekeshi.

Hakunifukuza. Aliuliza, "Kuna foleni?"

"Foleni imekwisha. Hakuna mtu."

Akatangulia nyumbani, akanawa mikono, akaingia ndani. Niliwasikia wakizungumza kwa sauti ya chini muda mrefu, nami nikajizuia kusogea karibu na dirisha. Kisha wakatoka wote wawili, mke amejifunga kitenge juu ya sweta, na sote tukashika njia ya zahanati. Tulitembea polepole kwa ajili ya kile kikohozi. Alipokohoa tulisimama, alipomaliza tukaendelea.

Profesa alikuwa mlangoni, mkoba wake kwenye benchi pembeni yake, dereva ameshawasha gari. Akawatazama wageni, akanitazama mimi.

"Hawa ni akina nani?"

Nikavuta pumzi, lakini mgema alinitangulia.

"Ile nyumba iliyobaki," akasema.

Profesa akamwashiria dereva azime gari. Akainua mkoba wake kutoka kwenye benchi, akamwachia mke wa mgema nafasi ya kukaa.